Nyang'hwale ikivunja fomu: kusaka tundu la XSS kuanzia kwenye ukurasa hadi kwenye seva

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla Kirumba mwaloni alinipigia asubuhi. Nikamwamkia, hata marahaba hakuimaliza. "Mwanangu, mbona oda za Nyang'hwale zinakuja nusu?" Kondakta wa basi la Geita alikuwa amesimama Nyegezi na magunia matatu yaliyoandikwa kwa maka peni "Nyang", anauliza Nyang ndiyo wapi. Fomu ya oda niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na wa kumsingizia.

Kosa hilo dogo la anwani ndilo lililonifikisha kwenye tundu la XSS lililokaa wazi miezi kadhaa. Kwa asiyeijua, XSS ni pale maandishi ya mtu baki yanapochapwa kwenye ukurasa wako kwa namna ambayo kivinjari kinayachukua kama amri. Amri hiyo inatembea kwa jina la tovuti yako: inaona anachoona mteja aliyeingia, na inabonyeza anachoweza kubonyeza yeye. Jina lake refu, cross-site scripting, lina umri wa tangu mwanzoni mwa mwaka 2000. Tarehe 2 Februari mwaka huo, CERT ya Marekani, kituo cha dharura za usalama wa kompyuta, ilitoa tahadhari iliyowagusa wanaotengeneza kurasa na wanaotengeneza programu za seva kwa pamoja. Mafundi wengi tumeshika nusu ya kwanza, ya seva tumeisahau.

Kwenye kila dalili hapa chini ninauliza swali moja: herufi hii nani kaichapa? Washukiwa ni watatu tu. Wa kwanza ni programu uliyoandika wewe, iwe kwa PHP, Python au nyingine. Wa pili ni seva yenyewe, yaani Apache, nginx au Tomcat, pale inapotoa ukurasa wake wa kosa au wa hali. Wa tatu ni JavaScript inayochapa baada ya ukurasa kufika kwenye simu ya mteja. Usipomjua aliyechapa utaziba pasipovuja.

Kumtambua mchapaji ninatumia sato. Neno langu la majaribio ni `sato<b>mnene`. Halimdhuru mtu, kama tundu lipo, "mnene" anatokea kwa herufi nene, basi. Ninaliandika kwenye kila kisanduku cha fomu, kisha ninalipitisha kwenye anwani kutoka kwenye terminali:

```
curl -s 'http://localhost/oda.php?tafuta=sato%3Cb%3Emnene' | grep -n mnene
```

Likirudi `sato&lt;b&gt;mnene`, mchapaji ameyageuza mabano, na kwa upande wa mabano hapo pako salama. Likirudi `sato<b>mnene` kama lilivyo, umefika. Lisiporudi kabisa lakini kwenye simu unaliona limenenepa, mchapaji ni JavaScript. Fanya hivi kwenye tovuti yako, au ya mteja aliyekupa ruhusa kwa maandishi. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na "nilikuwa namsaidia" si utetezi ambao ningependa kuujaribu mahakamani.

Jina lenye ritifaa (') linakatika

Hii ndiyo ya mama wa dagaa. Ukurasa wa kurekebisha oda ulikuwa ukitoa hivi:

```
<input name='wilaya' value='Nyang'hwale'>
```

Isome kama kivinjari kinavyoisoma. Thamani imefunguliwa kwa ritifaa, ikaja Nyang, ikaja ritifaa nyingine: imefungwa. Kipande kilichobaki, `hwale'`, kinachukuliwa kama sifa nyingine ya tagi, isiyojulikana, na kinapuuzwa. Mama alikuwa akifungua oda kubadilisha idadi ya magunia, anabonyeza Hifadhi, na "Nyang" inaandikwa juu ya jina zima. Oda ambazo hakuzigusa zilibaki nzima. Mimi nusu siku nzima niko kwenye kanzidata natafuta kosa ambalo halipo huko.

Na kuna kilichonizungusha zaidi. Oda nyingine za Nyang'hwale zilirekebishwa na hazikukatika. Nilipofuatilia, zilitoka kwa wateja wenye iPhone. Kibodi ya iPhone, isipozimwa kipengele hicho, huibadilisha ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’), na iliyopinda haifungi kitu kwenye HTML. Kwa hiyo ukijaribu tovuti yako, hakikisha unaandika ile iliyonyooka, la sivyo utajipa cheti cha afya bure.

Kwa nini hili ni tundu, na si usumbufu tu? Kwa sababu anayeweza kuifunga sifa yako anaweza kufungua ya kwake. Badala ya jina la wilaya, mtu angeandika:

```
Nyang' autofocus onfocus='document.title="wazi"
```

Mara ukurasa unapofunguka, kisanduku kinajishika chenyewe na amri inatembea. Hapa inabadilisha kichwa cha ukurasa tu, lakini ingeweza kufanya lolote. Tazama pia kwamba hakuna bano pembe hata moja. Wanaojilinda kwa kufuta neno `<script>` hawataiona ikipita. Njia hiyo ya kufuta maneno ilishaaibika mwaka 2005, pale Samy Kamkar alipoliingiza neno "javascript" kwenye wasifu wake wa MySpace kwa kulikata katikati na mstari mpya. Kichujio hakikulitambua, kivinjari kililitambua, na ndani ya siku moja watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamemwongeza kuwa rafiki bila kujua.

Chanzo kwangu kilikuwa hiki: nilikuwa nimetumia `htmlspecialchars`, amri ya PHP ya kugeuza herufi, nikajiona nimemaliza. Kabla ya PHP 8.1, iliyotoka Novemba 2021, amri hiyo bila maelekezo ya ziada hugeuza alama za mtajo (") na kuiacha ritifaa ilivyo. Seva ya mama ilikuwa bado kwenye PHP 7. Andika hivi, kwenye toleo lolote:

```
<input name="wilaya" value="<?= htmlspecialchars($wilaya, ENT_QUOTES, 'UTF-8') ?>">
```

Kwa fundi wa Kanda ya Ziwa kosa hili lilikuwa la aibu kidogo. Huku ritifaa haikwepeki: ng'ombe, ng'ambo, Ng'wanza yenyewe anavyoitamka Msukuma. Mifano ya kujifunzia tuliyoikuta ina "John" na "Mary", na John havunji kitu.

Umeshageuza herufi, lakini kitufe cha Futa kimekufa kwa Nyang'hwale peke yake

Nilipata simu ya pili wiki hiyohiyo. Ukurasa ulikuwa ukitoa:

```
<button onclick="futa('Nyang&#039;hwale')">Futa</button>
```

Ukiitazama, ritifaa imegeuzwa vizuri. Tatizo ni nani anasoma kwanza. Kivinjari kinaisoma sifa ya `onclick` kama HTML, kinairudisha `&#039;` kuwa ritifaa, ndipo kinaikabidhi kwa JavaScript. JavaScript inapokea `futa('Nyang'hwale')` na inagoma. Kwa mwenye nia mbaya haitagoma. Atapanga maneno yake yakae sawa, na umemfungulia mlango kwa dawa ileile uliyodhani imefunga.

Hapa usitafute namna ya kugeuza mara mbili. Toa data kwenye kodi:

```
<button class="futa" data-wilaya="Nyang&#039;hwale">Futa</button>
```

kisha JavaScript isome `kitufe.dataset.wilaya` kutoka kwenye faili lake. Ikiwa ni lazima uweke data ndani ya tagi ya script, `htmlspecialchars` si chombo chake. Tumia `json_encode` ukiwa na `JSON_HEX_TAG | JSON_HEX_AMP | JSON_HEX_APOS | JSON_HEX_QUOT`. Na kwenye `href` inayotoka kwa mtumiaji, kugeuza herufi hakusaidii kabisa, maana `javascript:` haina herufi ya kugeuzwa. Kagua kwamba anwani inaanza na `https://` au `http://`, nyingine zote zikatae.

Wateja wanapokea SMS zenye `&#039;`

"Mzigo wako wa Nyang&#039;hwale umetoka." Hili lenyewe si tundu, ila linakwambia kuna fundi aliyegeuza herufi wakati wa kuhifadhi badala ya wakati wa kuchapa. SMS haijui HTML, kwa hiyo takataka inaonekana. Kwenye ukurasa utaona hivyohivyo kama kiolezo (faili linalopanga ukurasa) nacho kinageuza kwa mara ya pili.

Hifadhi maandishi kama mteja alivyoyaandika. Geuza pale yanapotoka, kulingana na yanakokwenda.

Lakini usikimbilie kuisafisha kanzidata yote kwa `html_entity_decode`. Kama miaka miwili iliyopita mtu aliingiza skripti ikahifadhiwa ikiwa imegeuzwa, imelala pale kama kamongo kwenye tope la kiangazi. Ukiirudisha kwenye hali yake kabla ya kuhakikisha violezo vyote vinageuza, umeimwagia maji. Violezo kwanza, nakala ya akiba ya pili, usafi wa mwisho.

Wateja wanapelekwa kwenye kubeti

Malalamiko huja hivi: "Kaka, nikifungua kwenye simu inanipeleka kwenye kubeti, kwenye kompyuta ya ofisini hapana." Fundi anafungua kwenye kompyuta yake, anaona kila kitu sawa, anamwambia mteja simu yake ina virusi. Skripti nyingi za aina hii huchagua wa kumpeleka, kwa hiyo usimbishie mteja mapema.

Jambo moja kabla ya yote: usiifungue rekodi unayoishuku ukiwa umeingia kama msimamizi. Mimi niliifungua. Ilikuwa oda ya sato kilo ishirini yenye maelezo marefu kuliko kawaida. Jioni, nikipitia logi, nikakuta ombi la kuongeza msimamizi mpya, na anwani ya IP iliyoomba ni ya modemu yangu. Skripti ilisubiri mwenye funguo afike, ikatumia funguo zake.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri kuki ya HttpOnly, yaani kuki ambayo JavaScript haiwezi kuisoma, kitu kilichokuwepo tangu Internet Explorer 6 SP1 mwaka 2002. Nilikuwa nimeiweka, na kweli kuki yangu haikuibwa. Haikuhitaji kuibwa, kwa kuwa ombi lilitoka ndani ya kivinjari changu na kuki ikaenda nalo. Iweke, lakini usiipe kazi isiyo yake.

Soma kanzidata kwa terminali, ambako skripti haiwezi kutembea:

```
SELECT id, maelezo FROM oda
WHERE maelezo LIKE '%<script%'
   OR maelezo LIKE '%onerror%'
   OR maelezo LIKE '%javascript:%';
```

Ukiikuta huko, ni XSS iliyohifadhiwa: futa rekodi, funga vikao vyote vya watumiaji, badilisha nywila za wasimamizi, angalia orodha ya wasimamizi jina kwa jina, kisha rekebisha kiolezo kilichoichapa. Usipoikuta kwenye kanzidata, linganisha mafaili na nakala yako ya Git kwa `git status`. Faili la PHP au JavaScript likiwa limebadilika bila wewe kujua, huo ni ugonjwa mwingine kabisa: mtu ameingia ndani ya seva, na kugeuza herufi hakutamtoa. Kanzidata safi, mafaili safi? Tazama skripti unazozivuta kutoka kwa watu wengine: kihesabio cha wageni, kisanduku cha gumzo, matangazo. Ulizikaribisha mwenyewe, zina haki zilezile kama kodi yako.

Ripoti ya ukaguzi inataja ukurasa ambao hukuuandika

Mteja wangu mwenye nyumba ya wageni aliletewa ripoti inayosema tovuti yake ina XSS kwenye ukurasa wa kosa la 502. Kodi yote niliisoma mara mbili, hakuna kitu. Ukurasa huo haukuchapwa na kodi yangu. Ulichapwa na Apache.

Kivinjari hakijali nani kauchapa. Kikiuona umetoka kwenye jina la tovuti yako, kinaupa haki zote za tovuti yako. Na programu za seva zimeshateleza hapa mara nyingi. Mwaka 2006 Apache ilikutwa ikirudisha heda ya Expect (heda ni maelezo yanayotangulia ombi au jibu) kwenye ukurasa wa kosa bila kuigeuza. Mwanzoni ilionekana si hatari, maana linki ya kawaida haiwezi kumlazimisha mteja atume heda hiyo, hadi ikaonekana kwamba Flash, programu-jalizi ya vivinjari vya wakati ule, inaweza. Mwaka 2007 ikawa zamu ya mod_status, moduli ya Apache inayoonyesha hali ya seva. Mwaka 2012 mod_negotiation ilikutwa ikichapa majina ya mafaili bila kuyageuza, hivyo aliyeruhusiwa kupakia faili angeweza kuficha tagi kwenye jina lake. Mwaka 2019 ukaja udhaifu wenye namba ya kumbukumbu CVE-2019-10092 kwenye kurasa za kosa za mod_proxy, ukarekebishwa katika toleo la 2.4.41. Huo wa mwisho ndio uliokuwa kwenye ripoti ya mteja wangu.

Anza na toleo: `apache2 -v` kwenye Ubuntu na Debian, `httpd -v` kwingine. Usihukumu kwa namba peke yake, lakini. Ubuntu na Debian huchukua rekebisho na kulishona kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba kubwa, na vikaguzi vingi vya kujiendesha husoma namba tu. Uliza hivi:

```
apt changelog apache2 | grep CVE-2019-10092
```

Ikitokea, rekebisho unalo na ripoti imekuonea. Isipotokea, sasisha. Kisha jaribu na sato wetu kwenye anwani isiyokuwepo:

```
curl -s 'http://localhost/sato%3Cb%3Emnene'
```

Apache za kuanzia 2.4.41 haziitaji tena anwani uliyoomba kwenye ukurasa wa 404, na nginx kwa kawaida haiitaji kabisa. Kutochapa ni bora kuliko kuchapa kwa uangalifu.

Kama huwezi kusasisha leo (nimewahi kuambiwa "subiri tufunge hesabu za mwezi"), punguza wanaochapa. Weka `ErrorDocument` zako za mafaili ya kawaida yasiyorudisha chochote cha mteja. Funga server-status kwa `Require local`. Zima orodha ya mafaili kwa `Options -Indexes`. Kwenye Tomcat, angalia kama kuna aliyewasha SSI (amri za seva zinazoandikwa ndani ya HTML) na kuiacha amri ya printenv kwenye ukurasa wa watu. Nayo ilikuwa na udhaifu wake mwaka 2019, ingawa SSI haiwashwi yenyewe.

Hukohuko kwenye seva, tazama folda ya picha zinazopakiwa na wateja. SVG ni picha inayoweza kubeba skripti, na ikifunguliwa moja kwa moja kwenye kivinjari inatembea. Kama biashara ni picha za samaki, JPEG na PNG zinatosha. Ongeza heda `X-Content-Type-Options: nosniff` ili kivinjari kisianze kubahatisha kwamba faili fulani "linafanana na HTML".

Ukurasa ni safi, logi ni safi, na bado skripti inatembea

Huyu ni mchapaji wa tatu. Ukurasa mmoja wa ratiba za vivuko ulikuwa na mstari huu, ili mtu akifungua `#Kamanga` au `#Kisorya` jina litokee juu:

```
kichwa.innerHTML = decodeURIComponent(location.hash.slice(1));
```

Kinachofuata alama ya # hakitumwi kwa seva kamwe. Utapekua logi hadi jua lizame nyuma ya Bismarck Rock, hutaona kitu. Na wengi hujaribu kwa kuweka `<script>`, wanaona kimya, wanapumua. Tagi ya script iliyoingizwa kwa `innerHTML` haiendeshwi, ni kweli, lakini `<img src=x onerror=...>` inaendeshwa. Badilisha `innerHTML` iwe `textContent` na shauri limekwisha. Ikiwa unatumia maktaba ya jQuery, hakikisha si chini ya 3.5.0 ya Aprili 2020. Za kabla ya hapo zilikuwa na udhaifu wa aina hii katika namna ya kuingiza HTML.

Umeweka CSP, tovuti imekufa, au imeishi lakini heda haionekani

Heda ya Content-Security-Policy (CSP) hukiambia kivinjari skripti zipi ziruhusiwe. Ukiiweka kwa pupa, vitufe vyote vyenye `onclick` vinakufa siku hiyohiyo na simu yako haitapoa. Anza na `Content-Security-Policy-Report-Only`, soma malalamiko ya kivinjari kwa wiki moja mbili, hamisha skripti kwenye mafaili, ndipo ufunge. Ukikwama ukaweka `'unsafe-inline'` kwenye skripti, umebaki na heda ya mapambo. Na ile ya zamani, `X-XSS-Protection`, achana nayo. Chrome iliitoa mashine yake ya ndani kwenye toleo la 78 mwaka 2019.

Kwenye nginx kuna mtego ulionila saa tatu. Heda nilizoandika kwenye `server` zilipotea kwenye kurasa za `/oda/`. Chanzo: ndani ya `location /oda/` nilikuwa na `add_header` moja ya kitu kingine, na kwa desturi ya nginx, hiyo moja inazifuta zote zinazorithiwa kutoka juu. Ziandike upya humo. Na uongeze neno `always`, la sivyo kurasa za 404 na 500 zinatoka bila heda, ambazo ndizo kurasa tulizokuwa tukiziogopa. Kwenye Apache ni `Header always set`.

Kwenye seva yangu ya majaribio sasa nina mteja wa kudumu. Anaishi Nyang'hwale, ritifaa iliyonyooka, biashara yake inaitwa `sato<b>mnene`, na kila nikibadilisha mstari wa kodi lazima aagize magunia matatu, arekebishe yawe manne, apokee SMS, kisha afute oda. Mama wa Kirumba alimwona siku moja kwenye skrini yangu akaniuliza huyu naye ni nani, mbona halipi.